Carl Peters: Mwanahistoria Aliyekuja na Mikataba

Katika ofisi ya kila chama cha msingi, iwe Usa River, Poli, Akeri au Nkoaranga, liko kabati lenye kufuli, na ndani ya kabati hilo umo mhuri wa chama, daftari la mihutasari na jalada la mikataba. Wanachama walio wengi hawajapata kuliona jalada hilo. Hulisikia tu siku mambo yanapoharibika, pale mtu asiyejulikana anapofika na karatasi mkononi na kusema kwamba kahawa, ghala au kiwanja si cha chama tena, na kwamba saini iliyoko chini ya karatasi ni ya viongozi wao wenyewe.

Somo la toleo hili linahusu mtu aliyeifahamu nguvu ya karatasi ya namna hiyo kuliko wageni wengi waliofika katika nchi hii katika karne ya 19. Askari na wafanyabiashara walimfuata nyuma, lakini yeye mwenyewe hakuwa askari wala mfanyabiashara. Alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari, akageuka mwanasiasa. Jina lake ni Carl Peters.

Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 katika mji mdogo wa Neuhaus, kando ya mto Elbe, kaskazini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kijana huyo alisoma historia na falsafa katika vyuo vikuu vya Göttingen, Tübingen na Berlin. Huko Berlin alikaa chini ya mafundisho ya Heinrich von Treitschke, mwanahistoria aliyekuwa wakati huo huo mbunge, tangu mwaka 1871 hadi 1884. Treitschke hakuificha imani yake kwamba kazi ya historia ni kuitukuza dola na kuipa nguvu. Wanafunzi walijaa kumsikiliza. Mwalimu wa namna hiyo humfundisha kijana matukio ya kale, na pamoja nayo humfundisha nini cha kutamani.

Mwaka 1879 Peters alipewa nishani ya dhahabu na Chuo Kikuu cha Berlin kwa kazi yake ya utafiti. Yafaa katibu wa chama asimame kidogo hapa na kuitazama kazi hiyo ilihusu nini. Ilihusu Mapatano ya Venice ya mwaka 1177, yaliyofungwa baina ya Kaisari Friedrich Barbarossa na Papa Alexander wa Tatu. Mwaka mmoja kabla ya mapatano hayo, Kaisari alikuwa ameshindwa vitani na miji ya kaskazini ya Italia katika uwanja wa Legnano. Lakini yaliyofuata hayakuamuliwa uwanjani. Yaliamuliwa mezani, na wajumbe waliobishana juu ya kila neno: nani amtambue nani, amani ichukue miaka mingapi, nani aorodheshwe na nani aachwe. Peters alizichambua hati hizo akiwa na umri wa miaka 22 tu. Alijua, kabla hajaiona Afrika, kwamba aliyeshinda kwa mkuki anaweza kushindwa kwa kalamu, na kwamba baada ya miaka mia saba kinachobaki kusomwa ni karatasi.

Elimu hiyo haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuja katika matumizi yake.

Baada ya masomo, Peters hakuingia katika kazi ya ualimu aliyokuwa ameiandaa. Alikwenda London kuishi na mjomba wake, akauona utajiri wa Waingereza na akauliza kwa nini Wajerumani hawana makoloni. Aliporudi nyumbani aliunda, tarehe 28 Machi 1884, Jumuiya ya Ukoloni wa Kijerumani. Ilikuwa jumuiya ya watu binafsi, yenye fedha kidogo na maneno mengi. Serikali ya Bismarck haikuituma. Peters alipofika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884, pamoja na wenzake Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, alipokea taarifa kutoka kwa balozi mdogo wa Ujerumani kwamba asitegemee ulinzi wowote wa dola yake. Walikuwa wamesafiri kwa majina ya uongo. Mtu mwingine angerudi kwao.

Tarehe 10 Novemba walivuka kwenda bara kupitia Saadani, na kufikia tarehe 17 Desemba Peters alikuwa amekwisha kurudi pwani, Bagamoyo. Katika wiki hizo tano au zaidi kidogo alikusanya mikataba 12 kutoka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Msomaji akigawanya siku kwa mikataba ataona kwamba kila nchi ilichukua siku tatu hivi, pamoja na mwendo wa miguu. Kuna vyama ambavyo huchukua muda mrefu zaidi kukubaliana juu ya bei ya magunia.

Namna alivyofanya kazi ameieleza Peters mwenyewe, bila haya, katika kitabu chake juu ya kuanzishwa kwa koloni la Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1906. Msafara ulipofika kwa mtawala, zawadi zilitolewa na pombe ya kizungu ikanywewa. Wakati mwingine walichanjana damu kwa udugu. Kisha karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani ikasomwa, ikatiwa saini na alama, bendera ikapandishwa, hotuba ikatolewa, Kaisari akashangiliwa, na bunduki zikapigwa hewani mara tatu ili watu waone mambo yangekuwaje kama wangekataa.

Karatasi iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya tarehe 29 Novemba 1884, iliyofungwa na Mangungo wa Msovero, katika Usagara. Inaitwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo anatajwa kuitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa Dakta Peters kama mwakilishi wa jumuiya yake, ili itumiwe kwa ukoloni wa Kijerumani. Kwa upande wake Peters anaahidi kuipokea, na jumuiya inaahidi kuikumbuka Msovero kwa namna ya pekee itakapoanza kuikalia Usagara. Ahadi hiyo haina kipimo, haina tarehe na haina bei. Aliyeiandika alikuwa daktari wa chuo kikuu, mtaalamu wa mikataba. Kama angetaka kuandika kipimo angekiandika.

Kuna sentensi nyingine katika karatasi hiyo ambayo haitajwi sana, nayo inaonyesha akili ya mwandishi wake kuliko zote. Humo imeandikwa kwamba Mangungo, alipoulizwa waziwazi, alijibu kwamba yeye si mtu wa Sultani wa Unguja kwa njia yoyote, na kwamba hata hajui kama Sultani huyo yupo. Mangungo alikuwa na haja gani ya kusema hivyo? Hakuwa nayo. Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Msovero hata kidogo. Iliandikwa kwa ajili ya wanasheria wa Berlin na London, ambao wangeuliza siku moja kama nchi ile ilikuwa ya Seyyid Barghash. Peters alilijibu swali la mahakama ambayo ilikuwa bado haijakaa, tena akaliweka jibu kinywani mwa mtu mwingine.

Barghash alipopata habari alipinga, kama ilivyotazamiwa. Lakini tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alikwisha kutia saini hati ya ulinzi kwa nchi zilizotajwa katika mikataba ya Peters. Kile ambacho dola ilikuwa imekikana mwezi Novemba, ilikipokea mwezi Februari. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sultani, na Barghash akanyamaza. Mwaka huo huo Jühlke alipelekwa Kilimanjaro, akafunga mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka uliopita kaskazini ya Kilimanjaro, na hivyo Mlima Meru ukaangukia upande wa Wajerumani. Hakuna Mmeru aliyeulizwa. Hakuna Mmeru aliyetia alama popote.

Siku hizi jina la Mangungo limekuwa tusi. Bungeni, magazetini na hata katika mikutano ya vyama, kila unapojadiliwa mkataba mbaya hutokea mtu akasema kwamba viongozi wamefanya ya Mangungo. Watu hucheka. Kicheko hicho hakina haki, na tena kina hatari, maana kinamfanya mchekaji aamini kwamba jambo hilo liliwapata watu wasiojua kusoma tu.

Ni kweli kwamba Mangungo hakujua Kijerumani. Lakini na itazamwe hali yenyewe ilivyokuwa pale. Karatasi ililetwa ikiwa imekwisha kuandikwa. Hakuna neno lililotokana na majadiliano. Mkalimani, ambaye jina lake limo katika hati, Ramazan, alikuwa mtu wa msafara wa Peters, akila chakula cha Peters. Mashahidi wa upande wa pili walikuwa wenzake Peters. Zawadi zilitangulia saini, wala hazikuifuata. Hakukuwa na usiku wa kulala na kufikiri. Zaidi ya yote, mtu mmoja aliulizwa juu ya mali ambayo haikuwa yake peke yake. Katika sehemu nyingi za nchi hii, ardhi ilikuwa ya ukoo na ya wale ambao hawajazaliwa. Mtawala aliitunza na kuigawa, hakuweza kuiuza, kama vile katika Meru mzee wa ukoo asivyoweza kuuza kihamba cha ndugu zake kwa sababu tu yeye ndiye anayesikilizwa barazani. Huenda Mangungo aliamini kwamba anampokea mgeni na kupata rafiki mwenye bunduki. Hati ilisema kwamba ametoa nchi. Kama angekuwa amesoma mpaka darasa la 12, na hali nyingine zote zikabaki vile vile, bado angekuwa katika shimo.

Kwa hiyo katibu asome upya habari ya Msovero akiwa amekaa mezani pake. Mnunuzi au mkopeshaji anafika saa kumi na moja jioni, siku ya malipo, wanachama wakiwa wamekwisha kutawanyika. Mkataba umepigwa chapa tayari, kurasa 14 za Kiingereza. Anayeufasiri ni wakala wa huyo huyo aliyeuleta. Anasema kwamba ni utaratibu wa kawaida tu, kwamba vyama vya jirani wamekwisha kusaini, kwamba gari linasubiri, na kwamba kesho bei itakuwa nyingine. Kuna bahasha ya posho ya kikao, ingawa kikao hakikuitishwa. Mwenyekiti anasoma vizuri sana. Pengine ni mwalimu mstaafu. Anatia saini, katibu anagonga mhuri, na nakala zote zinarudi ndani ya gari. Katika ukurasa wa 11 imeandikwa kwamba mashine ya kumenyea kahawa na kiwanja chake ni dhamana.

Hapo hakuna aliyekosa elimu. Kilichokosekana ni kile kile kilichokosekana Msovero: lugha ya wenye mali, mfasiri wao, muda wao na mkutano wao. Mwenyekiti wa chama si mwenye mali ya chama. Kamati au bodi inaendesha kwa niaba, na jambo la kuweka rehani mali au kukopa lina mipaka yake, ambayo ni ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Muhtasari wa mkutano huo ndio unaoipa saini ya mwenyekiti uzito. Bila huo, saini yake ni alama ya mtu mmoja chini ya karatasi ya mtu mwingine. Katibu anayesema "ngoja kwanza tuitishe kikao" huonekana mkorofi mbele ya mgeni, na pengine mbele ya mwenyekiti wake pia. Aubebe ukorofi huo.

Peters mwenyewe alipata kuonjeshwa dawa yake. Mwaka 1889 alitua pwani ya kaskazini na msafara wenye silaha, kwa kisingizio cha kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini ya Sudani. Emin alikuwa amekwisha kuondoka na Stanley. Peters hakujali, aliendelea hadi Buganda, na mwezi Februari 1890 akafunga mkataba na Kabaka Mwanga. Kabla hajafika kwao, mkataba huo ulikuwa umekwisha kufa. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mapatano yaliyoiacha Uganda kwa Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Mtaalamu wa karatasi alishindwa na karatasi kubwa zaidi, iliyoandikwa mahali ambapo yeye hakuwapo. Alilalamika kwa uchungu mwingi. Malalamiko ya Msovero hayakuandikwa.

Mwaka 1891 alifanywa kamishna wa Kaisari katika Kilimanjaro, akakaa Marangu. Safari hii hakuhitaji kufunga mikataba, kwa kuwa alikuwa na bunduki na cheo. Mtumishi wake Mabruk alinyongwa mwaka huo, na mapema mwaka 1892 alinyongwa mwanamke aliyeitwa Jagodia, ambaye Peters alikuwa amemfanya suria na ambaye alikuwa amejaribu kutoroka. Vita vilizuka katika nchi za Uchagga kwa ukatili wake. Watu walimpa jina ambalo halihitaji kufasiriwa: Mkono wa Damu.

Habari hizo zilifika katika Bunge la Ujerumani mwezi Machi 1896, zikaletwa na August Bebel, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Na hapa tena iko karatasi. Bebel alitaja barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Askofu Tucker wa Uganda na kukiri humo makosa yake. Baadaye ilionekana kwamba barua hiyo haikuwapo kamwe. Marafiki wa Peters walilishika jambo hilo kwa mikono miwili na kupiga kelele kwamba mashtaka yote ni uongo. Lakini Mabruk na Jagodia walikuwa wamenyongwa kweli. Bebel alikuwa na ukweli mkononi, akakaribia kuupoteza kwa hati moja ambayo hakuihakiki. Mjumbe anayesimama katika mkutano mkuu kumshtaki mtunza hazina na atazame stakabadhi zake kwanza, moja moja. Stakabadhi moja ya kughushi huwafunika wezi kumi.

Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwachisha Peters kazi kwa matumizi mabaya ya madaraka, akapoteza na pensheni. Alihamia London, akazunguka nchi za Zambezi akitafuta dhahabu ya Biblia, akaandika vitabu. Hakuachwa hivyo. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo chake, na mwaka 1914 akapewa pensheni. Alikufa tarehe 10 Septemba 1918, majuma machache kabla Ujerumani haijashindwa vita. Mwaka 1937 Hitler alifuta hukumu yake, akiwa marehemu, na mwaka 1941 serikali yake ikatoa filamu ya kumsifu. Mitaa mingi ya Ujerumani ilipewa jina lake. Katika miaka ya karibuni baadhi ya miji imeibadili.

Wameru hawakumwona Peters sana, lakini waliishi chini ya karatasi zake. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya Kaisari ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola, na nani ni mwenyewe iliamuliwa na serikali. Mwaka 1896 watu wa Meru na Arusha walipigana na Wajerumani, na adhabu ilikuwa kali. Boma la Arusha likajengwa. Baada yake walikuja walowezi, miongoni mwao Makaburu wa Afrika ya Kusini na Wajerumani waliotoka Urusi, wakapewa mashamba chini ya mlima, katika ardhi yenye mito, pamoja na pande hizi za Usa. Kila shamba lilikuwa na namba na hati. Mmeru hakuwa na namba wala hati. Alikuwa na kihamba.

Waingereza walipochukua nchi, hati zilibadili majina, wala hazikufutwa. Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu huko Engare Nanyuki, katika mashamba yaliyoandikwa namba 31 na 328, ili nafasi ipatikane kwa wafugaji wa kizungu. Nyumba zilichomwa moto.

Safari hii, hata hivyo, palikuwa na kalamu upande wa pili. Wameru walikuwa na umoja wao, wakachangishana fedha, wakamtafuta mwanasheria wao wenyewe, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kirilo hakwenda kwa jina lake. Alikwenda na maneno yaliyojadiliwa nyumbani, na kwa nauli iliyotolewa na wengi. Mwisho wa mwaka huo jambo hilo lilipigiwa kura katika Baraza Kuu. Walioliunga mkono walikuwa wengi kuliko waliolipinga, lakini theluthi mbili haikupatikana, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini malalamiko yakabaki yameandikwa katika kumbukumbu za dunia. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo, kilichochapwa Nairobi. Mwanasiasa wa Meru naye alikuwa ameandika historia.

Kwa kikao kijacho cha masomo, kila katibu na aje na mkataba mmoja unaotumika sasa katika chama chake, wa mauzo, wa mkopo au wa pembejeo. Usomwe kwa sauti kwa Kiswahili, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na maandishi madogo. Msomaji awe mwanachama asiyekuwa kiongozi. Kisha kikundi kijadili ni sentensi ipi katika mkataba huo haikuandikwa kwa ajili ya chama, na iliandikwa kwa ajili ya nani. Makatibu ambao hawataikuta nakala kabatini waandike barua kuiomba kabla ya kikao, na nakala ya barua hiyo waiweke katika jalada.